Doa si jina la ugonjwa

Mwezi wa Julai mwaka wa 2023 shangazi yangu alinipigia simu kutoka Milima ya Taita, sauti yake ikiwa na wasiwasi usio wa kawaida. "Mwanangu," alisema, "miche ya nyanya imeingiwa na ukungu. Nifanyeje?" Wakati huo ulikuwa wa kipupwe, na yeyote aliyepata kulala katika milima ile anajua jinsi ukungu wa Julai unavyoshuka jioni na kuyafunika mashamba hata saa nne za asubuhi. Nami, nikiwa Nairobi, nilimjibu kwa wepesi wa mtu asiyeona haja ya kuuliza swali la pili. Nilimwambia anunue karatasi ya nailoni, akifunike kitalu jioni, na asikifunue mpaka ukungu uondoke kabisa.

Shangazi alitii. Alitii kwa sababu nimesoma, na kwa sababu watu wa kwetu wana imani kwamba mtu aliyesoma jambo moja hadi mwisho amesoma yote. Baada ya siku tisa hivi alinipigia tena. Mche mmoja tu katika kila minne ndio uliokuwa umesimama.

Msomaji huenda ameshaliona kosa langu kabla sijalitaja. Neno "ukungu" katika Kiswahili ni ule mvuke mzito unaoziba njia asubuhi, na vilevile ni ile namna ya uoto mweupe unaomea juu ya mkate uliochacha. Shangazi alitumia maana ya pili, yaani alikusudia kuvu, ugonjwa. Mimi nilisikia ya kwanza. Kwa ushauri wangu miche iliyokuwa mgonjwa tayari ilifungiwa ndani ya nailoni, majani yake yakatota usiku kucha, na maradhi yakapata hasa kile yalichokuwa yakikitafuta. Kazi yangu mimi ni isimu. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu nikiwaeleza kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili zenye kuhusiana, na mfano niupendao kuliko yote, ambao nimeuandika ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu, ni neno "ukungu".

Nyanya zile hazikuwa mchezo wa bustani ya nyuma ya nyumba. Zilikusudiwa kupandikizwa mwezi wa Agosti, zivunwe kabla ya mwisho wa mwaka na zipakiwe katika makreti kuelekea soko la Kongowea, Mombasa, ili Januari mjukuu wake apate karo. Mjukuu alisoma, maana jamaa tulichanga, nami nilichanga zaidi kwa sababu ambazo sikuhitaji kukumbushwa na mtu. Lakini shangazi ni mwanamke asiyependa kuchangiwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko hasara yenyewe.

Kisa hakikuishia kwenye kosa langu. Kabla ya kunipigia mara ya pili, shangazi alikuwa ameteremka sokoni hadi kwenye duka la dawa za kilimo na kuomba "dawa ya ukungu". Akapewa dawa ya ukungu. Muuzaji hakumdanganya, kwa maana alimpa hasa kilichotajwa: dawa ya kuua kuvu, iliyosajiliwa, yenye kibandiko cha Kiingereza na Kiswahili, ingawa Kiswahili chenyewe kilipigwa chapa kwa herufi ndogo kiasi cha kumlazimisha mjukuu amsomee. Alichanganya na maji, akajaza pampu, akanyunyiza. Miche iliendelea kufa kana kwamba imenyunyiziwa maji matupu.

Aliyekitegua kitendawili hicho alikuwa afisa wa kilimo wa eneo lile, bibi mmoja kijana aliyefika siku ya kumi na mbili kwa pikipiki. Mimi sikuwapo, lakini shangazi amenisimulia mkutano ule mara nyingi hata najihisi niliushuhudia. Bibi shamba hakuuliza, "Huu ni ugonjwa gani?" wala hakutamka jina lolote kwa muda mrefu. Alichuchumaa akauliza doa la kwanza lilionekana jani gani: lile la chini lililotoka na mbegu, au lile changa la juu? Aliuliza kama lilianza likiwa dogo mfano wa kichwa cha pini au lilianza likiwa pana. Aligeuza jani akatazama upande wa chini. Akatoa lenzi ndogo mfukoni akaangalia katikati ya doa. Akauliza mbegu zilitoka wapi. Akauliza maji humwagwa saa ngapi, juu ya majani au chini kwenye shina. Hatimaye akauliza kuhusu nailoni ile, na hapo, asema shangazi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Shangazi hakunitaja kwa jina, nami namshukuru.

Madoa yale yalikuwa madogo, meusi, yasiyozidi milimita mbili au tatu, kila moja likizungukwa na ukingo wa manjano, na yalikuwa yametapakaa hata kwenye majani yale mawili ya kwanza yanayochipuka na mbegu. Chini ya jani hapakuwa na uoto mweupe. Ndani ya doa hapakuwa na vitone vyeusi. Bibi shamba akasema dalili zote zinaelekea kwa bakteria, na kwamba huenda iliingia ndani ya kitalu ikiwa juu ya mbegu zenyewe, kwa maana shangazi alikuwa amezikamua kutoka nyanya za msimu uliotangulia. Dawa ya kuvu ya kawaida haiiui bakteria. Dawa zenye shaba huweza kuizuia isienee kwenye miche iliyo mizima, lakini haziponyi jani lililokwisha kuugua, na bakteria nyingine zimekwisha kuizoea shaba.

Nimelisimulia jambo hili kirefu kwa sababu naamini ndani yake mna somo kwa walimu wenzangu, na hasa walimu wa Kiswahili, ambao huenda wanadhani kwamba madoa ya nyanya ni shauri la mwalimu wa kilimo.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Neno "madoa" peke yake halituambii kitu. Mche mchanga wa nyanya hukaa kitaluni takriban wiki nne hadi sita, na katika muda huo mfupi majani yake yaweza kupata madoa kwa sababu nyingi zisizohusiana hata kidogo. Doa dogo la mviringo, lenye kitovu cha kijivu na ukingo wa rangi nzito, ambalo ukilisogeza karibu na jicho unaona ndani yake vitone vyeusi mfano wa ncha za sindano, huwa ni kazi ya kuvu iitwayo Septoria. Doa la kahawia lenye duara ndani ya duara, kama pete za kisiki kilichokatwa, ni la kuvu nyingine, Alternaria, na hupenda kuanzia majani makuukuu ya chini. Baka pana lisilo na umbo maalumu, la kijani iliyofifia kama jani limemwagiwa maji ya moto, ambalo alfajiri yenye unyevu ukiligeuza unakuta uoto mweupe upande wa chini, hilo ndilo la kuogopewa, kwani laweza kumaliza kitalu kizima kwa siku chache. Madoa ya zambarau au ya rangi ya shaba yanayoanzia majani machanga ya juu, mche ukidumaa na ncha yake ikijikunja, hutia shaka ya virusi ambavyo huchukuliwa na vithiripi, wadudu wadogo kiasi kwamba wengi wetu hatujapata kuwaona. Na kwa virusi hapana dawa ya kunyunyiza itakayomponya mche.

Na yako madoa yasiyo ugonjwa kabisa. Mche uliolelewa kivulini ukitolewa ghafla juani hupata mabaka meupe, makavu kama karatasi. Mbolea ya chumvichumvi ikirukia jani huliunguza. Pampu iliyotumiwa jana kwa dawa ya magugu na leo ikatumiwa kitaluni bila kuoshwa vizuri huacha mikunjo na majeraha ambayo mkulima ataapa kwamba ni maradhi mapya kutoka ng'ambo. Upande wa chini wa jani ukigeuka zambarau pote wakati wa baridi, mara nyingi ni mizizi iliyoshindwa kufyonza fosforasi kwenye udongo baridi, na jua likirejea mche hujinyosha wenyewe. Majani yale mawili ya kwanza hugeuka manjano na kudondoka kwa uzee wake tu, na nimeona watu wakiyapigia dawa.

Mkulima anayejua neno moja tu, "ugonjwa", au mawili, "ugonjwa" na "ukungu", atayatendea yote haya kwa namna moja. Atakwenda dukani. Atarudi na chupa. Atanyunyiza sumu juu ya mche ambao haukuhitaji ila kivuli cha siku tatu, na pengine atainyunyiza bila glavu, mtoto akiwa mgongoni. Hapa ndipo ninaposema kwamba uhaba wa maneno, au tuseme uhaba wa mazoea ya kuyatumia maneno tuliyonayo, una gharama inayohesabika kwa shilingi na kwa afya.

Kosa langu lina ukoo wa kale, na nalitaja si kwa kujitetea. Mwaka wa 1845 viazi vya Ulaya vilianza kuoza mashambani, na nchini Ireland, ambako maskini hawakuwa na chakula kingine, ukafuata msiba uliodumu hadi mwaka wa 1852 hivi, ukaua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wengi kuvuka bahari. Wataalamu wa wakati ule walibishana vikali. Wengi walishikilia kwamba unyevu na ukungu wa hewani ndio uliovizidi viazi nguvu, na kwamba ule uoto mweupe ulioonekana kwenye majani ulikuwa matokeo ya kuoza, si chanzo chake. Kasisi mmoja Mwingereza, Miles Berkeley, aliandika mwaka wa 1846 kwamba uoto ule ndio wenye hatia. Ilibidi Mjerumani Anton de Bary afanye majaribio katika miaka ya 1860 ndipo jambo hilo likathibitika, na mwaka wa 1876 akakiita kiumbe hicho Phytophthora, jina alilolitunga kwa Kigiriki likiwa na maana ya kiharibu mimea. Leo wanasayansi hukitenga na kuvu za kweli na kukiweka karibu na jamaa ya mwani wa kahawia. Ni kiumbe hichohicho kinachoangamiza viazi na nyanya za wakulima wetu kila msimu wa baridi na mvua. Kwa hiyo mabwana wale wa Ulaya walishindwa kutenga ukungu wa hewani na ukungu wa jani, nao walikuwa na maneno mawili tofauti katika lugha zao. Mimi nilikuwa na moja, lakini nilikuwa na simu pia, na simu huruhusu kuuliza.

Nasikia tayari sauti ya mwalimu mwenzangu akisema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya, na kwamba ni heri tubaki na Kiingereza. Hoja hiyo ni ya zamani na haina mashiko. Istilahi zipo. Fungua vijitabu vya kilimo vinavyochapishwa Tanzania utakuta "kinyausi", ugonjwa unaoukata mche shingoni ukalala chini kabla haujakomaa. Utakuta "ubwiri unga" kwa ule unga mweupe ulio juu ya jani, "batobato" kwa jani lililochanganya rangi kwa virusi, "mnyauko", "kutu", "chule". Utakuta "bakajani", neno lililoundwa kwa kuunganisha "baka" na "jani", ambalo kwangu ni miongoni mwa maneno mazuri yaliyobuniwa katika lugha hii, maana mtoto akilisikia mara ya kwanza ataelewa bila kamusi. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Waliokuwa shule ya msingi mwaka huo sasa wana watoto wao shuleni, na sijui ni shule ngapi za Kenya zenye nakala moja.

Sisemi kwamba istilahi hizo zote ni kamilifu. Bakajani imegawanywa kuwa mbili, "bakajani tangulia" na "bakajani chelewa", kwa kuyafuata majina ya Kiingereza neno kwa neno, na majina hayo ya Kiingereza yenyewe yanapotosha. Bakajani chelewa haichelewi. Ndiyo ile iliyowaua watu wa Ireland, na hali ya hewa ikiipendeza itaushambulia mche wenye majani manne kama itakavyoushambulia mti wenye matunda. Nimewahi kumwona mwanafunzi wa chuo aliyekariri kwamba "chelewa" huja mwishoni, kwa hiyo akatoa hukumu kwamba kitalu alichoonyeshwa hakiwezi kuwa na ugonjwa huo. Jina lilimfumba macho. Laiti aliyetafsiri angalitazama jani badala ya kutazama neno la Kiingereza, pengine tungekuwa na "bakajani maji" na "bakajani pete", au kitu kinachofanana na hivyo. Natoa pendekezo hilo kwa wenye mamlaka ya istilahi, nikijua kwamba wanaisimu tukikutana kujadili neno moja twaweza kulala huko.

Lakini majina si ndiyo shida kubwa. Bibi shamba yule hakuhitaji jina lolote ili ajue aanzie wapi, alihitaji maelezo. Na hapa ndipo ninapotaka kuzungumza waziwazi na walimu wa insha.

Tumewafundisha watoto wetu aina ya uandishi ambayo naiita uandishi wa mapambo. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hukariri namna kumi na mbili za kusema kwamba kulikucha. Jua lake ni lazima litabasamu, ndege wake ni lazima watumbuize, moyo wake ni lazima udunde kama ngoma, na methali zake zimwagike kama pojo kutoka gunia lililotoboka. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo, na nakiri kwamba zamani nilizipa alama nzuri. Sasa mpe mwanafunzi huyohuyo jani moja la nyanya lenye madoa, umwambie, "Lieleze kwa sentensi kumi ili mtu aliye Eldoret, asiyeliona, ajue lilivyo." Nimelifanya jaribio hili na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, vijana waliofaulu Kiswahili kwa alama za juu. Wengi walianza kwa kusema jani lilikuwa la kusikitisha. Mmoja aliandika kwamba lilikuwa "limekumbwa na jinamizi la maradhi". Hapana aliyetaja ukubwa wa doa. Watatu tu kati ya arobaini na zaidi ndio waliogeuza jani kutazama upande wa chini.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwa wakizungumzia kitalu. Mwenye macho huambiwa tazama, tena huambiwa atazame wapi, na atumie neno gani kwa alichokiona. Kiswahili kina utajiri wa kutosha katika eneo hili. Tuna "doa" na "waa", tuna "baka", tuna "kipaku", tuna "tone" na "kitone", tuna "mchirizi", tuna "ukingo" na "kitovu", tuna jani "lililosinyaa", "lililonyauka", "lililojikunja", "lililokauka", "lililotota", na kila moja la maneno haya lina mipaka yake. Kusinyaa si kunyauka. Mche ulionyauka adhuhuri na kuamka jioni una kiu. Ulionyauka asubuhi ukiwa na maji miguuni una ugonjwa. Mtoto aliyefundishwa kutenga maneno mawili hayo amepewa chombo cha kazi.

Nafasi ipo sasa kuliko wakati mwingine wowote. Mtihani wa KCPE, uliotawala darasa kwa karibu miongo minne, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende, na shule nyingi zina kijibustani kando ya darasa, wakati mwingine kwa jina la chama cha 4K, ambacho wazazi wengi wanakikumbuka tangu utoto wao. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kibali cha mtu yeyote kulipeleka darasa lake kwenye kijibustani hicho kwa kipindi kimoja. Kila mwanafunzi achague jani moja, asilichume, aandike alichokiona leo, arudi baada ya siku tatu, aandike kilichobadilika. Mwenzake asome maandishi hayo, kisha alitafute jani lenyewe bila kuonyeshwa. Akilipata, mwandishi ameandika. Asipolipata, methali zote za dunia hazitamwokoa.

Sikwepi pingamizi mbili nilizokutana nazo kila nilipolitaja wazo hili. Ya kwanza husema kwamba mkulima ana lugha ya mama, na huko ndiko maneno ya shamba yaliko. Ni kweli, na Kidawida cha shangazi kina maneno ya majani ambayo mimi, kwa aibu, nimeyapoteza. Sitaki Kiswahili kiyafute. Lakini bibi shamba aliyefika kwa pikipiki hakuwa Mtaita, muuzaji wa dawa hakuwa Mtaita, na mnunuzi wa Kongowea yaelekea si Mtaita. Walipokutana wote hao na shangazi, lugha iliyokuwa mezani ilikuwa Kiswahili, na Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa hiyo. Kibandiko ambacho Kiswahili chake hakisomeki bila mjukuu kinaitekeleza haki hiyo kwa jina tu.

Ya pili ni ya vijana: siku hizi unapiga picha ya jani, simu inakuambia ugonjwa. Nimezijaribu programu hizo. Zinasaidia, na sizibezi. Lakini picha iliyopigwa kutoka juu haionyeshi upande wa chini wa jani, wala haijui kwamba jana pampu ilitumiwa kwa dawa ya magugu, wala haijui mbegu zilitoka wapi. Hata kliniki za mimea, ambako mkulima huja sokoni na jani lake mkononi akalionyesha kwa mtaalamu, huanza kwa maswali. Anayeweza kujibu maswali yale kwa usahihi huondoka na ushauri unaomfaa.

Niseme neno moja kuhusu shaba, kwa kuwa tumeitaja. Huko Ufaransa, katika mashamba ya mizabibu ya eneo la Bordeaux, wakulima walikuwa na desturi ya kuipaka mizabibu ya kando ya njia mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia waone rangi ile mbaya na waogope kuiba zabibu. Mwaka wa 1882 profesa mmoja, Millardet, alipita akaona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani mazima ilhali ile ya ndani ilikuwa imepukutishwa na ubwiri. Alisimama akauliza. Mwaka wa 1885 akaitangaza dawa ambayo wakulima wangali wakiitumia. Kila ninapokumbuka kisa hicho huwaza ni watu wangapi waliipita njia ile kabla yake.

Shangazi aliotesha kitalu cha pili mwaka uliofuata. Mbegu zake, kwa maelekezo ya bibi shamba, zilitiwa kwanza ndani ya maji ya moto ya nyuzi 50 kwa muda wa dakika 25, kipimajoto kikiwa ndani ya sufuria, kwa sababu maji yakizidi moto mbegu hufa na yakipungua bakteria husalimika. Kitalu kilihamishwa mbali na viazi na mbali na mnavu na ndulele, ambazo ni jamaa za nyanya na huhifadhi maradhi yake. Miche ilipandwa kwa nafasi, hewa ipite. Maji alimwaga asubuhi, chini kwenye shina, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika miche ikiwa na umande. Vifusi vya msimu wa nyuma alivifukia mbali.

Katika wiki ya tatu simu yangu ililia. "Mwanangu," alisema, "nina doa. Liko kwenye majani ya chini, upande wa njia tu. Ni la kahawia, limeanzia ukingoni mwa jani, halina manjano pembeni, halina pete. Nimeligeuza, chini pasafi. Majani mapya hayana kitu. Juzi kijana alitia mbolea upande huo huku upepo ukivuma." Nilimuuliza basi alikuwa akitaka nimshauri nini.

"Sitaki ushauri," alijibu. "Nimekupigia ujue limeshaelezwa."